Ile Diski Haikuungua

Nekesa mwanangu,

Mambo ya blanketi, dawa ya meno na kufunga mlango wa hosteli sitayaandika. Mama yako ameyasema kwa simu kutoka Bungoma mara tatu, na mara ya tatu nilisikiliza mpaka nikaona kama ni mimi ninayeenda chuo kikuu Eldoret. Leo ni Jumapili, saa tisa mchana. Wewe uko kanisani kwaya inakuaga, mimi nimebaki hapa Makongeni nikisingizia mgongo. Mgongo hauumi. Nilitaka saa mbili za peke yangu na kalamu, maana kuna jambo nimelibeba mwaka mzima, na ukiondoka kesho kabla sijalisema, najijua, sitalisema tena.

Nitalisema. Lakini ng'ombe haingizwi zizini kwa kuburutwa, kwa hivyo niache nizunguke kidogo.

Mtaa mzima unaniita Injinia, na wewe umekua ukisikia sifa zangu zote. Ile kompyuta iliyolala siku nne kwenye maji ya mafuriko, nikaianika juu ya mabati kama omena na jioni ikawaka: hiyo umeisikia hata usingizini. Basi ilikuwa siku moja, si nne, na maji yalifika kwenye kibodi tu. Yule wakili aliyetoka Westlands na gari kubwa, akapita saiba zote za Nairobi, maduka yote ya kompyuta na intaneti, akinitafuta mimi kwenye saiba yangu hapo Makadara, alikuja kwa sababu stima ilikuwa imepotea kila mahali karibu na korti na mimi nilikuwa na jenereta. Na kile chuo cha ufundi ninachosema nilisoma miaka miwili, nilibeba kompyuta tu kwenye bohari moja pale Industrial Area, nikiziteremsha kwenye makontena. Shule yangu iliishia darasa la saba, na la saba lenyewe sikulimaliza.

Ona, hata ukurasa wa pili sijafika na nimepunguka nusu. Nivumilie.

Ulikuja kwangu ukiwa na miaka tisa, na begi moja na kuku mmoja ambaye mama yako alisema ni wa shukrani. Nilikuwa mwanamume wa peke yangu, sijui hata sare ya msichana inafungwa vifungo mbele au nyuma. Ukitoka shule ulikuwa unakuja saiba, unakaa kwenye kreti ya soda niliyokuwekea karibu na mashine namba nne, na hapo ndipo kazi yako ilipoanzia bila mtu kukuajiri. Kioo kikiandika Kizungu kirefu, nilikuwa ninasema, "Nekesa, hebu nisomee hapo, nimeacha miwani nyumbani." Unasoma, unageuza kwa Kiswahili, mimi ninaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua tayari.

Siku moja ulinambia, "Anko, nipe ufunguo nikimbie nyumbani nikuletee hiyo miwani." Nikasema ilivunjika. Kesho yake nikasema tena nimeiacha nyumbani. Wewe ulinitazama tu, ukasoma.

Mwanangu, sijawahi kuwa na miwani. Nadhani ulijua tangu darasa la nne, na kwamba hukuniaibisha hata siku moja mbele ya wateja ni heshima ambayo sijui uliitoa wapi. Kwangu hukuiona.

Jambo moja tu la kompyuta nililijua vizuri bila kuongeza chumvi, nalo ni kuzipa uhai zile kuukuu. Unajua zetu zote zilikuwa zimetupwa na ofisi. Zile programu za kawaida zilikuwa zinazilemea, na flashi za wateja zilikuwa zinaingia na virusi kama kunguni kwenye godoro. Siku niliyowekewa Linux, ule mfumo mwepesi wa bure, kwenye ya kwanza, ile nyeusi yenye ufa, niliona mzee aliyekuwa kitandani akisimama kuomba chai. Nikajifunza kwa kurudia. Nikaziweka zote saba. Watu wakaja kuchapa hati za kiapo, mashine haikwami, na mimi nikaanza kutembea kifua mbele.

Tena nilimpenda yule tuliyekuwa tunamwita Meneja. Mtu mwingine akisoma barua hii atashangaa, atafikiri niliajiri. Meneja ni ile programu inayoleta programu nyingine. Unamwandikia unachotaka, anaenda kwenye ghala lake huko mtandaoni, anarudi na kitu chako pamoja na vyote ambavyo hicho kitu kinaviegemea. Nilikwambia ni kama kualika Mbukusu mmoja kwenye harusi: umeandika jina moja kwenye kadi, wanashuka kumi na wawili, na ukimfukuza mmoja wote wananuna. Ulicheka mpaka ukateleza kwenye kreti. Ndiyo sababu nikairudia hiyo hadithi miaka tisa.

Sasa Meneja hakubali amri kutoka kwa kila mtu. Anadai neno la siri la mwenye mashine, na mwenye mashine nilikuwa mimi. Ulipokuwa mkubwa, ukiandika programu zako mwenyewe ambazo mimi sikuzielewa hata jina, bado ulikuwa unaita, "Anko, njoo uandike neno lako." Ninakuja, ninaziba kibodi kwa mkono wa kushoto, ninaandika. Nilikuwa ninaifurahia hiyo safari kutoka mlangoni mpaka namba nne. Ilikuwa hatua sita, na nilizitembea kama mtu anayeenda kufungua barabara.

Haya. Zizi ndilo hili.

Unaikumbuka ile wiki ya kuomba ufadhili wa chuo kikuu, mwaka jana. Ijumaa saa kumi na moja jioni ndiyo ilikuwa mwisho wa kutuma. Kazi yako yote ilikuwa kwenye namba nne: ile kamusi ya Kibukusu, miezi mitatu ya kumuuliza mama yako maneno kwa simu kila Jumapili, na ile programu ya kuyatafuta. Jumatano ukaenda shuleni kuchukua nakala ya cheti. Ukaniambia, "Anko, namba nne usiiguse." Nikakwambia mimi ndiye niliyeizaa hiyo mashine.

Ulipotoka akaja mteja, mwanamke mmoja na mwanawe, na faili la hati ambalo halikutaka kufunguka kwetu. Nikamwambia akae, hakuna faili linalomshinda Injinia. Namba nne ndiyo ilikuwa na memori kubwa. Nikamwambia Meneja alete programu mpya zaidi ya kuandikia. Akasema kwenye ghala letu haipo, mashine yetu ni ya kizamani. Basi nikamwonyesha ghala jingine, la toleo jipya la mfumo, ambalo halikuwa la umri wa ile mashine. Ni kama kumpeleka mzee wa reli kununua suruali kwenye duka la vijana.

Meneja akaandika orodha. Juu, vitu vitakavyoletwa. Chini, vitu vitakavyoondolewa. Ilikuwa ndefu, yote Kizungu, na kreti yako ilikuwa tupu. Nikasoma ya juu. Ya chini nikaipita. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Kwa kawaida anauliza ndiyo au hapana, unabonyeza herufi moja. Siku hiyo alinitaka niandike sentensi nzima, herufi kubwa mahali pake na alama ya mshangao mwishoni. Kwa lugha yetu sentensi yenyewe ni hii: Ndiyo, fanya ninavyosema!

Nekesa, mimi nilidhani ananipa heshima. Nilidhani ni kama karani anayesema, mheshimiwa, weka sahihi hapa. Kumbe alikuwa mtu anayekushika mkono ukingoni mwa shimo, anakwambia kama ni lazima uruke, basi sema kwa mdomo wako. Nikaandika, herufi baada ya herufi, nikimtazama yule mwanamke kwa pembe ya jicho aone vidole vyangu. Nikabonyeza.

Maandishi yakashuka kama mvua. Kisha kioo kikawa cheusi. Nikaizima, nikaiwasha. Kikabaki cheusi, na kale kamstari kakipepesa juu kushoto, kapo, hakapo, kapo, hakapo. Nilikuwa nimemwamuru Meneja ang'oe nguzo za nyumba, naye mtiifu akazing'oa.

Yule mwanamke akachukua flashi yake akaenda saiba ya jirani. Uliporudi saa kumi nilikuwa nimefungua mashine iko matumbo nje, ninasugua memori kwa raba ya kufutia penseli, ingawa nilijua memori haina kosa. Nikakwambia stima ilipanda ghafla, diski imeungua.

Hukulia. Ningependa ungelia. Uliketi kwenye kreti, mtu mzima wa miaka kumi na minane kwenye kreti ya mtoto, ukashika goti. Halafu ukaniwekea mkono begani, wewe kunifariji mimi, ukasema, "Si makosa yako, Anko. Stima ni stima."

Hayo maneno ninayasikia nikinywa chai.

Sasa sikiliza ubaya wenyewe, kwa maana hadi hapo ni ujinga, na ujinga si dhambi. Alhamisi asubuhi nilijua mtu mmoja anayeweza kunisaidia. Njoroge wa mtaa wa Tena, yule mwenye kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta. Kutoka Makadara ni nusu saa. Lakini Njoroge nilikuwa nimemwita fundi wa redio mbele ya watu, nikamwambia siku atakayonifundisha Linux ndiyo siku kuku atakayonyonyesha. Nikawaza nikiingia pale na gunia mgongoni na mashine ndani yake. Nikamwona akiita majirani.

Kwa hivyo sikuenda. Alhamisi nikasugua memori. Ijumaa nikapuliza vumbi, nikabadilisha nyaya ambazo hazikuwa na shida, nikasema maneno ya kitaalamu kwa sauti ili unisikie. Wewe ulikuwa kando yangu unajaribu kuandika kamusi upya kwenye namba mbili, kutoka kichwani, haraka haraka. Saa kumi na moja ilipofika ulikuwa kwenye herufi ya K. Ulisimama, ukaosha vikombe vya saiba, vyote, hata visafi.

Jumatatu nikaenda Tena. Hakukuwa na cha kuwahi, saa imepita, basi aibu ikawa nyepesi. Ona hesabu ya mtu mwenye kiburi.

Njoroge hakuita majirani. Alichomeka flashi yake iliyokuwa na mfumo mzima ndani, akaiwasha mashine kupitia hiyo, akafungua diski kama mtu anayefungua kabati. Chai aliyonipa haikuwa imepoa. Nikaona jina lako pale, folda yako, na kamusi ndani yake, nzima, haina hata mkwaruzo. Meneja alikuwa ameng'oa nyumba, lakini mali ya watu hakuigusa. Ilikuwa imekaa hapo gizani tangu Jumatano ikingoja mtu alete taa.

Njoroge akaniuliza hii ni kazi ya nani. Nikamwambia. Akauliza ilikuwa itumwe lini. Nikamwambia pia. Akapangusa mikono kwenye aproni.

"Wafula," akasema, "ungekuja tu. Ningekucheka dakika mbili, halafu tungefanya kazi."

Dakika mbili, mwanangu. Nilikupotezea mwaka ili nisichekwe dakika mbili.

Na bado sikukomea hapo. Nilirudi nyumbani na kamusi yako kwenye flashi, ukanikuta mlangoni, na badala ya kusema kweli, nikasema nimeifufua. Nikasema diski iliyoungua, ambayo mafundi wote wa Nairobi wangeitupa, nimeifungua kwa bisibisi ya miwani, nikaizungusha kwa kidole, ikatema mafaili moja moja. Ulinikumbatia. Ukaenda ukawaambia wapangaji wa ploti nzima. Jioni hiyo Mama Achieng' wa mlango wa tatu aliniletea chapati. Nikazila.

Hiyo ndiyo hadithi yangu kubwa kuliko zote. Nimeisimulia kanisani, nimeisimulia kwa kinyozi, nimeisimulia matangani, na kila mara wewe ukiwa hapo unaitikia kama shahidi. Ile diski haikuungua, Nekesa. Haikuwahi kuungua.

Kuna kipande kimoja kimebaki na ningeweza kukificha, hakuna mtu duniani anayekijua. Ile Ijumaa usiku haujaingia, ukiwa unaosha vikombe, nilihisi kitu ndani ya moyo. Nilidhani ni huzuni. Nilipokitazama vizuri, nikakuta pembeni ya huzuni kuna furaha ndogo imejikunyata kama paka jikoni. Nilijua huendi. Mwaka mmoja zaidi utasema, Anko, njoo uandike neno lako. Simaanishi nilifanya kusudi, haki ya Mungu sikufanya kusudi. Lakini paka alikuwapo, na sikumfukuza. Nafikiri hata aliyenizuia kwenda Tena ile Alhamisi hakuwa kiburi peke yake.

Umeomba tena mwaka huu, ukatuma kutoka simu yako, wiki nzima kabla ya mwisho, bila kuniambia mpaka jibu lilipokuja. Nilijifanya kununa. Moyoni nilisema, huyu mtoto amejifunza kutoegemea ukuta wangu, na ni vizuri, ukuta wenyewe naujua.

Ile laptopu nyeusi unayoenda nayo ni kuukuu, wenzako watakuwa na nyembamba zinazong'aa. Usiionee haya. Inaamka polepole kama babu yako aliyeendesha treni, lakini ikishaamka hailali kazini. Usiilazimishe kuvaa nguo za vijana. Kuna vitu inaviweza na kuna ghala linaloujua umri wake, mwachie Meneja hilo ghala moja. Kwenye flashi ya kijani nimekupakia vifurushi vingi ambavyo utavihitaji, ili usimalize bando zako za intaneti hosteli kuvishusha. Na Meneja akikupa orodha, soma ya chini kwanza. Mimi maisha yangu yote nimesoma ya juu, nini kitaletwa. Mke niliyekuwa naye kabla hujaja aliondoka hivyo, katika orodha ya chini, na mimi nikiwa bado ninasoma ya juu.

Jana nilifanya jambo kwenye hiyo laptopu. Nilikuwa nimejiweka humo kama mwenye amri, na wewe kama mtumiaji wa kawaida, kama ilivyokuwa siku zote. Nikakaa nikaitazama. Halafu nikakupa wewe amri zote, na jina langu nikalifuta. Halimo. Nilienda nayo mpaka Tena ili Njoroge ahakikishe sikuharibu kitu. Alinicheka, nikapima kwa saa. Haikufika hata dakika moja, alichoka. Akasema, "Mwambie huyo msichana akikwama anipigie, na akikwama kabisa akupigie wewe umpigie hadithi." Kwa hivyo mashine ikidai neno la siri, litakuwa lako, utaliweka mwenyewe ukimaliza kusoma, nami nitageuza uso ukutani. Na siku ikikudai ile sentensi nzima, ondoa mikono kwenye kibodi, nenda kamtafute mtu umwambie hujui. Neno lenyewe nimekuwa nikilifanyia mazoezi mbele ya kioo cha kunyolea. Sijui. Linakwama kooni mara ya kwanza, mara ya tatu linapita.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii kwenye mfuko wa laptopu, chini ya chaja, uikute ukiwa umefika na umbali wote huo uko katikati yetu. Ndivyo ambavyo Wafula wa siku zote angefanya. Ukikasirika ungekasirikia ukuta wa hosteli, na mimi ningekuwa saiba ninasimulia jinsi ulivyolia kuniacha.

Sitafanya hivyo. Kesho asubuhi utaikuta chini ya kikombe chako cha chai, kabla hujafunga begi. Isome yote. Usiposema kitu, nitakubebea begi mpaka steji ya basi bila kukuuliza. Ukitaka kunifokea, fokea, majirani wasikie, Mama Achieng' ana haki ya kujua alimpa nani chapati. Nitakuwa nimekaa upande wa pili wa meza, sina kalamu, sina miwani, na nimenyamaza. Hilo nalo hujawahi kuliona.

Mjomba wako,
Wafula